Kipuri Halisi ni Kipi?

Mtu anayeingia katika duka la vipuri vya magari huko Gerezani, Dar es Salaam, au katika Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, huulizwa swali moja kabla ya kutajiwa bei: "Mwalimu, unataka jenuini au ya kawaida?" Iwapo mnunuzi atasita, muuzaji humpangia madaraja mengine katikati: hii ni ya Japani, hii ya Taiwani, hii imepitia Dubai. Mnunuzi hukumbuka kiasi cha fedha alichonacho, humtazama muuzaji usoni, kisha hujibu. Fedha hulipwa na kipuri hufungwa katika gazeti. Katika shughuli hiyo yote, ambayo pengine imegharimu sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi, hakuna kitu kilichopimwa isipokuwa uso wa muuzaji.

Kosa hilo si la mnunuzi wala si la muuzaji peke yao. Limo katika swali lenyewe. Neno "jenuini", yaani halisi, hutumiwa kana kwamba linajibu jambo moja, ilhali ndani yake mna maswali matatu yaliyo mbalimbali: ni nani aliyekitengeneza kipuri, kilitengenezwa kwa vipimo gani, na ni nani atakayewajibika kikiharibika. Kipuri chaweza kuwa na jibu zuri kwa swali moja na jibu baya kwa jingine. Mwanafunzi wa sayansi aliyezoea kutenganisha tungamo na uzito, au joto na halijoto, hapaswi kuridhika na neno linalochanganya mambo matatu.

Tuanze na swali la mtengenezaji, kwa kuwa ndilo linaloeleweka vibaya kuliko mengine. Watu wengi hudhani kwamba kampuni ya magari hutengeneza yenyewe kila kitu kilichomo garini. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya vipuri hununuliwa kutoka viwanda vingine. Plagi, alternata na vifaa vingi vya umeme vya Toyota hutoka Denso, kampuni iliyotengwa na Toyota mwaka 1949 ikiitwa Nippondenso. Shokapu nyingi za magari ya Kijapani hutoka Kayaba, ambayo leo huandikwa KYB. Pedi za breki nyingi hutoka Akebono. Na huko Ujerumani, kampuni ya Bosch, iliyoanza kama karakana ndogo mjini Stuttgart mwaka 1886, huwauzia watengenezaji wa magari wa kila namna. Kwa hiyo plagi ya Denso iliyomo ndani ya boksi la Denso si "ya kawaida" kwa maana ya uduni. Inayotiwa katika boksi la kampuni ya gari huwa mara nyingi ni ile ile, ila imeongezewa ukaguzi, gharama ya ghala, dhamana na jina. Mnunuzi mwenye haki ya kujua analipia nini yafaa aambiwe hivyo.

Huko Ulaya jambo hili liliingia hata katika sheria. Kanuni Na. 1400/2002 ya Jumuiya ya Ulaya ilitambua kwamba kipuri halisi chaweza kuuzwa na kiwanda kilichokitengeneza, pasipo kupitia kwa kampuni ya gari, mradi kiwe kimefuata vipimo vile vile. Kanuni hiyo ilitambua pia kundi la pili, la vipuri vyenye ubora unaolingana na ule wa vile vilivyofungwa kiwandani. Mpaka uliowekwa na kanuni hiyo ni wa vipimo. Nchi ya asili haikutajwa kuwa kigezo. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kila inaposemwa dukani kwamba kipuri fulani ni kibaya kwa sababu tu kimetoka Uchina, mahali ambapo leo hutengenezwa vipuri vya kila daraja, vikiwemo vile vinavyofungwa katika magari mapya ya kampuni kubwa za dunia.

Hapa hapana budi kutenga vitu viwili ambavyo lugha ya mitaani huvitia katika kapu moja kwa kuviita "feki". Kuna kipuri mbadala, ambacho kiwanda fulani kimekitengeneza na kukipiga chapa ya jina lake chenyewe. Chaweza kuwa kizuri au kibaya, lakini aliyekitengeneza amejitaja. Na kuna kipuri bandia, ambacho mtengenezaji wake amejificha nyuma ya jina la mwingine. Mbadala ni bidhaa. Bandia ni uongo. Tena, mwenye kughushi hughushi jina linaloaminiwa na wengi, kwa sababu hilo ndilo linalouzika. Hapati faida yoyote kwa kughushi jina lisilojulikana. Kutokana na hayo hufuata jambo ambalo wanunuzi wachache hulifikiria: mtu anayeshikilia kununua jenuini katika duka asilolijua, kwa bei ya chini kuliko ya wakala, ndiye aliye karibu zaidi na bidhaa ya bandia. Jirani yake aliyenunua kipuri mbadala chenye jina la mtengenezaji wa wastani huenda akawa salama zaidi, na amebakiwa na nauli.

Hata hivyo si vipuri vyote vinavyostahili mashaka sawasawa. Kipimo cha kwanza kiwe ni hiki: kipuri kikiharibika ghafula, ni nini kitakachotokea? Waipa ikikatika, dereva ataegesha gari hadi mvua ipungue. Kioo cha pembeni kikiwa hakikukaa sawa, kitalegea. Bampa, vishikio vya milango, mazulia na mapambo ni mambo ya macho. Kwa vitu hivi kipuri mbadala kinatosha kabisa, na anayelipa mara tatu kwa ajili ya chapa ananunua fahari. Hakatazwi, ila asiiite fahari hiyo uhandisi. Kwa upande wa pili vipo vipuri vichache ambavyo uhai wa watu hutegemea: breki, viungo vya usukani, bolijointi, matairi. Katika hivi ndimo ubahili hauna udhuru.

Breki zastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa fizikia yake imo katika mtaala wa shule za sekondari. Chukua gari dogo lenye tungamo la kilo 1,500 liendalo kwa kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde. Nishati mwendo yake ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo: jouli 468,750. Gari likisimamishwa, nishati hiyo haipotei; sehemu yake kubwa hugeuka joto katika pedi na diski. Ni joto linalotosha kupandisha lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 za Sentigredi hadi nyuzi 100, nalo huzalishwa kwa muda usiozidi sekunde nne katika vipande vichache vinavyoenea viganjani. Katika miteremko mirefu, kama ile ya Kitonga katika barabara iendayo Iringa, hesabu huwa nzito zaidi. Lori lenye tungamo la tani 30 likishuka kimo cha mita 300 huachilia nishati ya jouli milioni 88 hivi. Dereva mwenye busara huiachia injini sehemu ya kazi hiyo kwa kutumia gia ndogo. Asiye na busara huziachia breki zote.

Pedi ya breki ni mchanganyiko wa nyuzinyuzi, unga wa madini na vipande vya metali, ulioshikanishwa kwa gundi ya jamii ya fenoli. Gundi hiyo ikipata joto kali, linalozidi nyuzi 300 hivi, huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi hiyo hupenya kati ya pedi na diski. Msuguano hupungua wakati ule ule unapohitajiwa zaidi. Dereva hukanyaga kwa nguvu zake zote na gari laendelea kwenda. Pedi nzuri na pedi mbaya hazitofautiani sana asubuhi zikiwa baridi. Hutofautiana chini ya mteremko. Hesabu ya sekondari yatosha kuonyesha uzito wa jambo hilo. Breki zikimudu kupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde, gari letu la kilomita 90 kwa saa litasimama baada ya mita 45 hivi. Zikidhoofika hadi mita 4, litahitaji mita 78. Tofauti yake ni mita 33, ambazo zazidi urefu wa mabasi mawili makubwa yaliyopangwa kwa mstari, na kati ya mita hizo huwapo kivuko cha wanafunzi, au mkokoteni, au gari jingine.

Mnunuzi atazitambuaje? Pembeni mwa pedi nyingi, mwishoni mwa mfululizo wa tarakimu, huchapishwa herufi mbili, kama vile EE, FE, FF au GG. Herufi hizo hufuata mfumo wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE. Ya kwanza huonyesha uwiano wa msuguano pedi ikiwa katika joto la kawaida, na ya pili ikiwa imepata joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi yenye FE, kwa mfano, hudhoofika ikipata moto. Yenye FF hubaki katika daraja lake. Ipo pia Kanuni Na. 90 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka 1992, inayodai kwamba pedi mbadala ipimwe na ionekane kufanya kazi kwa kukaribiana na ile ya asili. Iliyofaulu hupigwa chapa ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha. Alama hizi zote zaweza kughushiwa, ni kweli. Lakini pedi isiyo na alama hata moja, wala jina la mtengenezaji, imekwisha kujieleza yenyewe.

Beringi zafundisha somo jingine, nalo ni la kufurahisha kwa mwalimu wa hesabu. Beringi yenye namba 6204, iwe imetengenezwa Sweden, Japani au Uchina, ina tundu la kipenyo cha milimita 20, kipenyo cha nje cha milimita 47 na upana wa milimita 14. Ya 6205 ina tundu la milimita 25. Kuanzia 04 na kuendelea, tarakimu mbili za mwisho huzidishwa kwa 5. Kwa sababu ya viwango vya kimataifa kipuri kimekuwa namba, na muuzaji wa Gerezani ambaye hakuvuka darasa la saba huzitaja namba hizo kwa kichwa kuliko wahitimu wengi wa uhandisi. Lakini viwango hivyo vya vipimo havisemi lolote juu ya ubora wa chuma. Maisha ya beringi za gololi hufuata mchemraba wa uwezo wake wa kubeba mzigo. Chuma hafifu kikipunguza uwezo huo kwa asilimia 20 tu, maisha yatakuwa 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani karibu nusu. Beringi mbili zaweza basi kulingana kwa kalipa ya vernia hadi sehemu ya kumi ya milimita, na moja ikafa nusu ya njia. Katika kipuri cha namna hii jina la kiwanda lina thamani ya kweli, maana ni vigumu kwa mnunuzi kupima chuma kwa macho.

Plagi huhitaji onyo fupi. Katika namba za NGK na za Denso, tarakimu inayopanda huonyesha plagi inayopoa upesi zaidi. Katika zile za Bosch mambo huwa kinyume. Fundi anayebadili jina bila ya kutazama jedwali la kulinganisha aweza kufunga plagi halisi kabisa iliyo mbaya kabisa kwa injini hiyo.

Sasa yafaa kuutazama mtumba, ambao wengi huuona kuwa ndio ufumbuzi wa tatizo lote. Kipuri kilichofunguliwa katika gari la Japani, husemwa, ni halisi bila shaka, na kilichotumika cha Kijapani ni bora kuliko kipya cha kwingineko. Kauli hiyo ni kweli kwa nusu yake, na nusu hiyo yategemea kipuri chenyewe. Mlango, kioo, gamba la sanduku la gia, au alternata ambayo brashi zake zimekaguliwa, vyaweza kutumika miaka mingi na kuokoa fedha nyingi. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala rafuni, kwa kuwa oksijeni na ozoni ya hewani hushambulia mnyororo wa molekuli zake. Mkanda wa taimingi wa mtumba, ambao katika injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990 uliagizwa ubadilishwe baada ya kilomita 100,000 hivi, hauna namna ya kumweleza mnunuzi umekwenda kilomita ngapi. Ukikatika katika injini ambazo valvu na pistoni hupishana kwa nafasi finyu, hugongana, na faida yote ya ule unafuu huishia kwa mchonga vichwa vya silinda. Hali ni hiyo hiyo kwa shokapu, mabomba ya breki, bushi, na matairi. Bolijointi ya mtumba nayo imekwisha kupigwa na mashimo ya barabara ya mtu mwingine, na uchovu wa metali haupigwi msasa ukatoka. Kwa vitu hivi, kipya cha mtengenezaji mbadala anayejulikana ni bora kuliko halisi kilichochoka.

Wala asidhani mtu kwamba uhalisi ni kinga kamili. Mfano mkubwa kuliko yote katika historia ya magari ni ule wa mifuko ya hewa ya Takata ya Japani. Vipulizio vyake vilifungwa viwandani katika magari mapya ya kampuni nyingi mashuhuri. Hakuna aliyeweza kuviita bandia. Vilitumia amonia naitreti, kemikali ambayo, ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, huharibika na kulipuka kwa nguvu kupita kiasi hata kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Vipulizio vipatavyo milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote, na mwezi Juni 2017 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mufilisi. Jambo hili linaihusu sana Afrika ya Mashariki, ambako magari ya mtumba kutoka Japani ni mengi, na ambako joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ni wa namna ile ile iliyoviharibu vipulizio hivyo. Mwenye gari la kati ya mwaka 2000 na 2015 hivi afanye hima kuuliza kwa wakala au katika tovuti ya kampuni ya gari lake, kwa kutumia namba ya chesisi. Na hapa ndipo inapoonekana faida ya kweli ya kipuri halisi. Nacho huharibika kama vingine. Lakini kina kumbukumbu, kinafuatika, na yupo wa kuulizwa. Kipuri bandia kikiua, hakuna kiwanda kitakachotoa tangazo.

Kama hali ndiyo hiyo, kumshauri mwananchi anunue jenuini siku zote ni kumpa ushauri wa tajiri, na kumwambia achague cha bei nafuu ni kumwacha gizani. Anachohitaji ni maarifa ya vipimo. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, zina kazi ya kuzuia bidhaa duni na za bandia, na kazi hiyo ni muhimu. Lakini kuteketeza shehena iliyokamatwa hakumwambii mtu ni pedi ipi iliyobaki dukani inayofaa. Kungekuwa na manufaa makubwa zaidi kama pedi za breki zingenunuliwa madukani kwa siri, kama anavyonunua raia yeyote, zikapimwa zikiwa baridi na zikiwa moto, na matokeo yakachapishwa kwa Kiswahili kwa majina ya watengenezaji, ya ghali na ya rahisi kwa pamoja. Wapo watakaosema kwamba wafanyabiashara watalalamika. Watalalamika wale ambao pedi zao zimeshindwa.

Shule nazo hazilazimiki kungoja. Machujio ya oili yaliyotumika hutupwa bure katika kila gereji. Yakimwagwa oili na kukatwa na fundi, darasa laweza kuhesabu mikunjo ya karatasi. Mikunjo 60 yenye kina cha sentimita 1.5 na urefu wa sentimita 6 hutoa eneo la sentimita za mraba 1,080. Ikiwa 40 ni 720 tu, ingawa kwa nje makopo yalingana. Kwa somo la msuguano, diski kuukuu ya breki iwekwe juu ya ubao unaoinuliwa upande mmoja, na juu yake pedi mpya yenye mzigo mdogo. Pembe ambayo pedi huanza kuteleza ipimwe, kisha tanjenti yake itafutwe: nyuzi 17 hutoa 0.31, na nyuzi 22 hutoa 0.40. Jaribio hilo ni la pedi baridi na tuli, hivyo haliwezi kuithibitisha pedi kuwa nzuri, ila laweza kuifichua iliyo mbaya mno. Pedi hizo zisipigwe msasa, wala zisichomwe darasani, wala vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo au kwa pampu kama wafanyavyo mafundi wengi, kwa sababu baadhi ya pedi za zamani, na za rahisi zisizo na jina, zina asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Vumbi hilo lifutwe kwa kitambaa kilicholoa maji, na kitambaa kifungwe katika mfuko kabla ya kutupwa.